Maji Safi Kabisa na Kipimo Chake

Hotuba ya mfanyakazi wa reli kwa wanachama, Makadara, Nairobi



Leo nasema juu ya maji, si ya kunywa, bali ya betri za injini na ya boila za viwandani. Maji hayo yanatakiwa yasiwe na chumvi. Maji ya visima virefu vya huku Eastlands mwayajua, ulimi wenyewe husema. Yakitiwa katika betri huiharibu. Katika boila huacha ukoko mabombani.

Lakini kwa maji yaliyosafishwa sana ulimi hautoshi. Hutumika mita yenye vipande viwili vya madini, na umeme hupitishwa kati yake. Chumvi ndiyo ibebayo umeme. Ikipungua, umeme hupita kwa shida. Maji ya kisima hufika mamia ya maikrosimensi kwa sentimita. Maji safi kabisa, kwenye joto la digrii 25, ni 0.055 tu. Hayafiki sifuri, maana maji yenyewe hujigawa kidogo sana. Kohlrausch, Mjerumani, alilipima jambo hilo kabla ya mwaka 1900.

Sasa sikilizeni linalotuhusu. Maji hayo yana njaa. Yakiwekwa katika chupa wazi hunyonya hewa ya kaboni, na kipimo hupanda karibu na 1, yaani mara 18 hivi. Kipimo cha ukali wa asidi nacho hushuka kutoka 7 hadi karibu 5.6, tena mshale husitasita. Joto likizidi digrii moja tu, umeme hupita zaidi kwa kama 5 katika 100. Kwa hiyo maji hayo hupimwa yakipita ndani ya bomba lililofungwa, na joto huandikwa.

Je, mwenzetu akichota maji mazuri, yakakaa wazi ofisini, kisha yakapimwa na kuitwa machafu, kosa ni la nani? Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, huruhusu mshahara ukatwe kwa mali iliyoharibiwa na mfanyakazi kwa makusudi, tena kwa kiasi cha haki. Chupa iliyokaa wazi si ushahidi wa makusudi.

Basi, ndugu zangu, ulizeni mambo matatu. Maji yalipimiwa wapi? Joto lilikuwa digrii ngapi? Mita yenyewe ilihakikiwa lini? Majibu yaandikwe, nanyi mpewe nakala. Asiyejua kipimo hupunjwa.