Uzi, Kisu au Mnyororo: Kichwa Gani kwa Magugu Sugu?



Nimeombwa nizungumzie vichwa vya akiba vya mashine za kufyekea, yaani vile vinavyonunuliwa baada ya kichwa kilichokuja na mashine kushindwa kazi. Wengi wetu humu tunasimamia vikundi vinavyofyeka kando ya barabara, kwenye mikonge, chini ya minazi na kwenye viwanja vya shule. Kilio ni kimoja. Uzi unakatika kila mara, kijana anakwenda dukani kuulizia kitu kikali zaidi, na muuza spea anamshushia kutoka rafu ya juu sahani ya chuma iliyoning'inizwa vipande vya mnyororo pembeni. Sehemu kubwa ya mada yangu inahusu sahani hiyo, na msimamo wangu nautoa mapema: isifungwe kwenye mashine yoyote.

Uzi wenyewe nitaupitia haraka. Ulianzia Houston, Marekani, mwaka 1971. George Ballas alitazama brashi zinazozunguka kwenye mashine ya kuoshea magari, akapata wazo, akachukua kopo la bisi na kulipitishia nyuzi za kuvulia samaki. Alitaka kukata nyasi zilizosongamana kwenye mashina ya miti bila kuchubua magome. Kwa hiyo uzi ulibuniwa ushindwe na mti, na sisi tunaulaumu kwa kufanya hivyo hivyo! Kwa ukoka na majani mengine laini sijaona cha kuushinda. Ukikatika kupita kiasi, tazama kwanza unene wake: wa milimita 2.4 hauwezi kichaka, ilhali mashine ya cc 40 na zaidi kwa kawaida inamudu wa milimita 3. Kisha tazama ukavu. Nailoni iliyokaa muda mrefu kwenye joto la duka hukauka na kuvunjika ovyo. Iloweke usiku kucha, itarudisha ulaini wake. Ni dawa isiyogharimu hata senti, na ajabu ni wachache wanaoitumia.

Shina likishakuwa mti, uzi uwekwe kando. Hapo nazungumzia lantana, mabua makavu ya mabingobingo, au miche ya mathenge, ule mti wa miiba ulioletwa Baringo miaka ya 1980 na ambao wenzetu wa huko wanaujua kuliko sisi. Kisu cha meno matatu kinatosha kwa mabua na vichaka vyembamba. Shina likifikia unene wa kidole gumba na kuendelea, tumia sahani ya msumeno. Vyote viwili ni chuma cha kipande kimoja, na hapo ndipo vinapotofautiana na mnyororo.

Tupige hesabu. Chukua pingili ya mnyororo yenye gramu 10, sentimita 12 kutoka katikati, kichwa kikizunguka mara 7,000 kwa dakika. Pingili hiyo inakimbia kwa zaidi ya kilomita 300 kwa saa, na inaivuta pini iliyoishikilia kwa nguvu ya takriban kilo 65, kuzidi uzito wa mfuko wa saruji. Hapo haijagusa kitu. Ikigonga jiwe, inarudi nyuma ghafla na kuvutwa tena mbele, na hivyo hivyo kila kinapokuja kikwazo, siku nzima. Tundu la pini linapanuka, ufa unaanza ndani ya chuma ambako jicho halifiki, na siku pingili inapochomoka hakuna wa kuikwepa. Umbali wa mita 15, ambao vitabu vya mashine hizi hututaka tuuache kati ya mfyekaji na watu wengine, pingili inaumaliza chini ya robo ya sekunde. Kikinga cha plastiki hakikutengenezwa kuizuia, wala suruali ya kitenge.

Haya yameshaua. Mwaka 2010 nchini Uingereza mtu alifariki baada ya kupigwa na pingili iliyochomoka kwenye kichwa cha aina hii. Januari 2012 Tume ya Ulaya ikaziagiza nchi wanachama zipige marufuku uuzaji wa vichwa vya mashine hizi vyenye vipande vya chuma vilivyounganishwa. Kwetu bado vinauzwa waziwazi. Nisingependa fundi wa mtaani anayechomelea mnyororo wa pikipiki kwenye sahani adhani yeye hahusiki. Chake ni kibaya zaidi, kwa sababu hata mizania hakikupimwa.

Sasa ufungaji wa kisu. Visu vingi vina tundu la milimita 25.4, vingine 20. Tundu likizidi kitako, kisu kitayumba na kula beringi za giaboksi, kwa hiyo nenda dukani na kile cha zamani mkononi. Mashine ya shafti iliyopinda, ambayo ndani ina waya wa kujikunja, haifungwi kisu cha chuma kabisa. Kikinga cha uzi nacho kibadilishwe, kiwekwe cha kisu, na mkanda wa begani uvaliwe. Kwenye mashine nyingi za shafti iliyonyooka kisu huzunguka kuelekea kushoto, kwa hiyo fyeka kutoka kulia kwenda kushoto. Shina gumu usiliguse kwa robo ya mbele ya upande wa kulia: mashine itarushwa kando kabla hujajua kilichotokea. Kisu chenye ufa hakichomelewi. Kinatupwa.

Liko gugu moja ambalo nitawakatalia vichwa vyote. Magugu karoti, yaliyosambaa Arusha na kwingineko, yakifyekwa yana maua hutawanya mbegu, huchipua upya kutoka kisikini, na chavua yake huwasha ngozi na kubana pumzi. Hayo yang'olewe na mizizi kabla ya kuchanua, kwa glavu na barakoa, na mashine ibaki stoo.

Mashine mbili ziko nje chini ya mwembe. Tutaanza na nati ya kisu, ambayo hufunguka kwa kuzungushwa upande wa kufungia nati za kawaida. Naomba wale waliokwisha kuivunja kwa kuilazimisha wasimame mbele.