Kumbukumbu ya Majivu



Mwaka 79 mlima Vesuvius wa Italia ulilipuka, ukazika miji na majumba ya mashamba ya matajiri wa Kirumi, kama lile la Oplontis. Majivu yale yaliyoua ndiyo yaliyohifadhi: hata leo picha za ukutani zaonekana na rangi zake.

Mtu asiseme kuwa habari hizi ni za Ulaya tu. Sisi wa Arusha twakaa chini ya Meru, mlima uliotoa majivu mara ya mwisho mwaka 1910. Na kaskazini yetu uko Oldonyo Lengai. Kule Engare Sero, karibu na Ziwa Natron, watu wa kale walikanyaga tope la majivu ya volkano, nalo likakauka likawa jiwe. Nyayo zao zapita 400. Wataalamu wakadiria umri wake kuwa kati ya miaka 5,000 na 19,000 hivi. Watu 17 walikwenda pamoja, na wengi wao wadhaniwa kuwa wanawake.

Kule majivu yalitunza majumba ya wakubwa; huku yametunza hatua za watu wasiojulikana jina wala cheo.

Ndugu makarani, twajua kuwa hati isiyotunzwa hupotea. Nyayo zile nazo mvua na upepo huzichakaza. Yatupasa kuwaeleza watoto wetu habari zake, wasije wakadhani kuwa kumbukumbu za nchi hii zilianza na majalada yetu.