Kirusi Hiki Kimetoka Wapi? Jenomu na Homa ya Nguruwe Chini ya Mlima Meru



Nguruwe wanapokufa mfululizo kijijini, swali la kwanza ni kama ugonjwa huo ni homa ya nguruwe ya Afrika. Sampuli ikishafika maabara, swali hilo hujibiwa ndani ya saa chache. Gumu ni la pili: kirusi hiki kimetoka wapi? Hoja yangu ni kwamba hapa Arusha hatutaudhibiti ugonjwa huu tusipolijibu swali hilo la pili, na kwamba njia ya kulijibu ni kuisoma jenomu nzima ya kirusi, yaani maandishi yote ya DNA yake, wakati mlipuko ungali unaendelea, si miaka miwili baadaye katika jarida.

Ugonjwa huu ni wa kwetu. Ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza na daktari wa mifugo Montgomery mwaka 1921, kutokana na vifo vya nguruwe wa walowezi nchini Kenya. Haumwambukizi binadamu, lakini aina yake kali huua karibu kila nguruwe inayempata, na tiba hakuna. Kirusi kina makazi ya asili kwa ngiri, ambao hawaugui, na kwa kupe laini wanaoishi katika mashimo yao. Kina pia njia ya pili, isiyohitaji ngiri wala kupe: nyama mbichi, makombo ya hotelini yasiyochemshwa, dume la kupandisha linalozungushwa banda kwa banda, gari lililobeba nguruwe wagonjwa na kurudi bila kuoshwa. Chini ya Meru njia hizo mbili zinapakana. Upande mmoja ipo Hifadhi ya Taifa ya Arusha, yenye ngiri wake, imezungukwa na mashamba; upande wa pili zipo barabara za kutoka Namanga, Moshi na Dodoma, zote zikikutana mjini.

Kwa miaka mingi virusi hivi vimetambuliwa kwa kusoma kipande kifupi cha jeni ya protini iitwayo p72, herufi mia nne na kitu katika jenomu yenye herufi zaidi ya 180,000. Kipande hicho kimetufundisha mengi, na sikibezi. Ndicho kilichoonyesha kwamba milipuko ya mwaka 2010 hadi 2012, kuanzia Kyela mpakani na Malawi hadi Dar es Salaam, ilikuwa ya jenotaipu (kundi la kinasaba) II, ilhali ule wa mwaka 2013 huku kaskazini ulikuwa wa jenotaipu X. Kati ya mwaka 2015 na 2017, nguruwe wa kufugwa nchini walikutwa na jenotaipu tatu: II, IX na X. Lakini jenotaipu ni kama jina la ukoo. Ukiambiwa mgeni aliyepita anaitwa Mollel, hapa Arusha bado hujamjua. Hata mgawanyo wenyewe haujatulia: mwaka 2023 watafiti waliozipitia upya jenotaipu 24 walipendekeza zipunguzwe hadi 6, na baadhi ya tofauti zilizohesabiwa zamani zilionekana kuwa makosa ya usomaji.

Jenomu nzima husema zaidi, na mfano bora tunao hapa hapa. Watafiti wa Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, Tengeru, wakishirikiana na wenzao wa Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo (ILRI), Nairobi, waliisoma jenomu ya kirusi kilichopatikana Rukwa mwaka 2017. Ilikuwa ya jenotaipu II, yenye undugu wa karibu sana na virusi vilivyoingia Georgia mwaka 2007 na kufika China mwaka 2018. Hiyo ndiyo jenomu ya kwanza ya jenotaipu II kutoka bara hili lenyewe, nayo ilichapishwa baada ya Ulaya na Asia kuwa na jenomu zao nyingi. Ugonjwa ulitoka Afrika. Kumbukumbu zake zikaanzia ugenini. Hilo linaniuma kama mwanasayansi, na lina gharama: anayetafuta asili ya kirusi cha Arusha hukosa cha kulinganisha nacho kutoka maeneo jirani kama Hai, Babati au Kajiado.

Wapo wanaosema: hatua za udhibiti ni zilezile, karantini na kuzuia usafirishaji, basi kujua asili kunasaidia nini? Kunasaidia kujua pa kuziba. Kama kirusi kimevuka kutoka kwa ngiri, kufunga barabara kutawaumiza wachuuzi na banda linalopakana na hifadhi litabaki wazi. Kama kimekuja na gari, uzio wa hifadhi hautatuokoa. Na kama ni kilekile cha mlipuko uliopita, basi hakikuondoka. Kimebaki miongoni mwetu, na kosa ni letu la kutangaza mwisho mapema. Chanjo nayo inalihitaji jibu hili. Ile iliyoidhinishwa Vietnam mwaka 2022 ilitengenezwa kutokana na jenotaipu II, na kinga dhidi ya jenotaipu moja haiwezi kudhaniwa kuwa kinga dhidi ya nyingine. Kuchanja bila kujua kinachozunguka ni kubahatisha na mali ya maskini.

Pingamizi zito zaidi ni la kibiolojia, nami nalikubali kwa sehemu. Kirusi hiki ni cha DNA na hubadilika polepole. Sampuli za mabanda jirani zinaweza kufanana herufi kwa herufi. Kwa hiyo jenomu peke yake haitasema banda la nani lililiambukiza la nani, na asitokee ofisa wa kuitumia kumshtaki mfugaji. Kazi yake ni kutenganisha mlipuko na mlipuko, ikisomwa pamoja na tarehe za vifo, vibali vya kusafirisha mifugo na daftari la machinjio.

Lakini mashine hazisomi sampuli ambayo haikuletwa. Mfugaji anayejua kwamba taarifa yake itamletea karantini bila fidia atauza haraka usiku uleule, na kirusi kitasafiri na nyama. Kwa hiyo, ninyi wa halmashauri, wekeni fidia mezani kabla ya mlipuko ujao. Nanyi wafugaji, nguruwe wa kwanza akifa ghafla, msimchinje na msimuuze: mwiteni afisa mifugo siku hiyohiyo, achukue damu.