Haki ya Mnyonge Katika Zabuni za Kaunti
Hotuba iliyosomwa na karani wa chama mbele ya mkutano mkuu wa mwaka



Tumepewa kazi ya kunena juu ya zabuni, au tenda kama wengi wetu tulivyozoea kuziita, na juu ya usawa wa watu katika kuzipata. Huenda mtu akadhani kwamba hayo ni mambo ya makarani na matajiri. Sivyo. Shuka za zahanati, viti vya shule za chekechea, changarawe ya barabara za vijijini, na ufagiaji wa masoko, vyote hulipiwa na serikali ya kaunti kwa fedha za umma, ambazo nasi twazichangia kwa kodi na ushuru wetu. Basi yatupasa kuuliza fedha hizo zarudi katika nyumba za nani.

Kwa miaka mingi zilirudi katika nyumba zile zile za wenye mtaji na malori. Mjane mwenye cherehani moja, kijana aliyetoka chuo cha ufundi, na seremala aendaye kwa magongo, hao walibaki nje. Wazee walisema mnyonge hana haki, na katika zabuni neno hilo lilikuwa kweli.

Katiba ya 2010, katika kifungu cha 227, yaagiza kwamba ununuzi wa umma uwe wa haki, wa usawa, wa wazi, wa ushindani, tena usiopoteza fedha. Mwaka wa 2013 fungu la asilimia 30 lilitengwa kwa ajili ya vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, na Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 ikalitia nguvu, kwa serikali kuu na kwa kaunti zote 47. Watu hao hawadaiwi dhamana ya fedha waombapo zabuni zilizotengwa kwa ajili yao. Hutia sahihi tamko tu. Tena kaunti yatakiwa kuwatengea wakaazi wake angalau asilimia 20. Tafadhali sikieni vema: sheria yasema mkaazi, haisemi kabila. Jirani aliyehamia kwetu na kujenga maisha yake hapa ni mwenzetu katika fungu hilo.

Hata hivyo, sheria ni mlango tu. Kuingia ni kazi yetu. Wengi wenu mwajua yaliyowapata akina mama washonaji wa chama chetu. Walipopata hati yao ya kuandikishwa, alikuja mfanyabiashara mmoja akitaka kuiazima. Yeye angefanya kazi na kupokea malipo, nao wangepewa kitu kidogo kwa jina lao. Ada za shule zilikuwa zikidaiwa, na baadhi yao waliona heri kidogo cha leo. Walibishana siku mbili, kisha wakakataa. Wawili walitoka katika kikundi kwa uchungu, na mpaka leo hawajarudi.

Zabuni ya kwanza waliyoiomba wakaikosa, wala hawakuridhika na sababu waliyopewa. Sisi wa ofisi tulipotambua kwamba sheria humpa mwombaji siku 14 tu za kupeleka malalamiko yake mbele ya bodi ya mapitio, siku hizo zilikuwa zimekwisha pita. Kosa hilo ni letu, nasi twaliungama mbele yenu.

Zabuni ya pili wakaipata, ya kushona shuka. Walikopa fedha za kitambaa, wakashona vizuri, wakapeleka kwa wakati. Malipo yalikawia miezi saba, na riba ya mkopo ikala faida yote. Ni usawa gani huu, ikiwa tajiri aweza kungoja mwaka mzima na mshonaji hawezi kungoja mwezi?

Kwa hiyo tunayo maombi matatu. Kwanza, mwanachama yeyote asiazime hati yake. Fungu la wanyonge likiingia mikononi mwa mwenye nguvu kwa jina la mnyonge, litakuwa limeibwa mara mbili. Na mwenye kudanganya katika zabuni aweza kuzuiwa asishiriki kwa muda usiopungua miaka 3. Pili, wazee wetu wahudhurie mikutano ya makadirio ya fedha ya kaunti, wakaulize kwa sauti mambo mawili: ni kiasi gani cha ile asilimia 30 kilichotolewa kweli, na ni wangapi katika waliopewa kazi ambao wamekwisha lipwa. Mzee akiuliza mbele ya watu, si rahisi kunyamaziwa. Tatu, chama kitenge akiba ndogo ya kuwakopesha bila riba wenye oda mkononi, ili malipo yakikawia wasiangamie.

Kwa upande wetu, ofisi itakuwa wazi kila Jumamosi asubuhi kuwasomea na kuwajazia fomu wasiojua Kiingereza na wasioona, na siku zile 14 tutazihesabu pamoja nao.

Wale akina mama wawili waliotoka twawaomba warudi. Cherehani zao zingali zipo.