SOMA CHUPA KABLA HUJAJIPAKA
Yaliyomo ndani ya shampuu na athari zake



Ndugu zangu vijana, dada zetu, na wazazi wetu mliohudhuria. Twamshukuru Allah aliyetukutanisha tena katika mwezi huu mtukufu. Mada niliyopewa ni shampuu. Naona wengine mwacheka. Mmoja ameniuliza hapo mlangoni, "Ramadhani yote hii, huna jingine la kutwambia?" Nisikilizeni kwanza, kisha mcheke.

Mwaka mmoja, siku kumi kabla ya Idi, dadangu mdogo alianza kujikuna kichwa. Siku ya tatu ngozi ilichubuka nyuma ya masikio, ikawa yatoa maji. Hata kupaka maji kichwani akitawadha kukawa mateso. Majirani wakasema ni kijicho, nywele zake zimeonwa. Mamangu akamsomea, akampaka mafuta, na kila jioni akamwosha kwa shampuu ileile ili apate nafuu! Tulipofika kwa daktari wa ngozi, swali lake lilikuwa moja: "Mwamwoshea nini?" Tukampa chupa. Ilikuwa chupa ya maji ya kunywa, shampuu yenyewe ya kupimiwa kutoka kwa mtungi sokoni. Lebo hakuna. Akatuambia, "Basi hata mimi siwezi kujua kilichomdhuru." Tuliiacha, akapewa dawa ya kupaka, akapona. Lakini Idi ile aliila ndani, akilia.

Dua hatukuiacha wala hatutaiacha. Lakini kuomba shifaa huku wajipaka kinachokudhuru, hilo si tawakkul.

Sasa tusome chupa. Viungo huandikwa kwa mpangilio: kilicho kingi hutangulia, na vilivyo chini ya asilimia 1 hufuata mwishoni kwa mpangilio wowote. Cha kwanza karibu kila mara ni maji. Kwa hivyo ukiona picha kubwa ya asali au mwarobaini, na jina lake limo mwisho wa orodha, jua ni tone tu.

Baada ya maji huja kisafishaji, mara nyingi salfeti. Mafuta na maji hayapatani. Salfeti hushika mafuta kwa upande mmoja na maji kwa upande wa pili, ndipo uchafu ukaondoka ukisuuza. "Sodium Lauryl Sulfate" ni kali zaidi kuliko "Sodium Laureth Sulfate". Kali hukausha nywele na kuwasha ngozi, hasa kwa mwenye ukurutu au aliyetia nywele dawa. Zile habari kwamba huleta saratani zilianza kuzunguka kwa barua pepe miaka ya 1990, na leo zimehamia kwenye simu. Hazijathibitishwa. Tusisambaze tusilolijua.

Pili, vihifadhi. Penye maji huota ukungu na bakteria, kwa hivyo lazima kuwe na kitu cha kuzuia. Kuna parabeni: mwaka 2004 watafiti wa Uingereza walizikuta ndani ya uvimbe wa saratani ya matiti, lakini hawakuonyesha kwamba ndizo zilizousababisha. Mwaka 2014 Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku aina tano, nyingine zikaachwa kwa kiwango maalumu. Kuna "DMDM Hydantoin", ambayo hutoa formaldehaidi kidogo kidogo, na "Methylisothiazolinone". Hizi mbili zajulikana kwa kuleta aleji kwa baadhi ya watu.

Tatu, neno "Parfum". Ni neno moja tu, lakini ndani yake mwaweza kuwa na manukato chungu nzima. Mwenye aleji atafute isiyotiwa harufu.

Na msidanganyike na neno "asili". "Cocamidopropyl Betaine" hutengenezwa kwa mafuta ya nazi, na bado kuna watu huwatoa vipele.

Vijana huniuliza sana juu ya "Cetyl Alcohol". Hiyo si pombe ya kulevya. Ni kitu kigumu kama nta, cha kulainisha nywele. Gliserini nayo yaweza kutoka kwa mimea au kwa mafuta ya mnyama, na mara nyingi lebo haisemi. Ukiwa na shaka, tafuta iliyoandikwa kuwa ni ya mimea. Hukumu yake waulizeni masheikh wetu, mimi si mwanachuoni.

Nawausia mambo manne. Moja, usinunue shampuu isiyo na lebo hata ikiwa bei ni ya kutupa. Tazama alama ya KEBS na tarehe. Pili, suuza sana, na usimwoshe mtoto kwa shampuu kali ya watu wazima. Tatu, ukiwashwa, acha mara moja; usibadilishe tatu kwa wiki, hutajua iliyokudhuru. Nne, ukienda kwa daktari, nenda na chupa yenyewe.

Dada zetu, Idi imekaribia na saluni zitajaa. Usione haya kumwambia msusi, "Nionyeshe chupa kwanza." Kichwa ni chako, na mwili huu ni amana.

Allah atupe afya, atutakabalie funga zetu. Wabillahi tawfiq.