Kutoka Kaseti hadi Kompyuta: Taarabu katika Nyumba za Muscat

Katika nyumba nyingi za Waomani wanaozungumza Kiswahili mjini Muscat, kuanzia Al Khuwair hadi Seeb, kuna sanduku ambalo hakuna anayethubutu kulitupa wala anayelifungua mara kwa mara. Ndani yake mna kaseti za taarabu, na pengine santuri mbili tatu zilizovingirishwa katika kanga.

Wenye masanduku hayo, au wazazi wao, wengi waliondoka Unguja na Pemba baada ya mapinduzi ya Januari 1964. Waliingia Oman hasa baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka Julai 1970 na kuwaita Waomani waliokuwa ng'ambo warejee. Wengine walitokea Mombasa, Kongo, Burundi na Rwanda. Aliyekimbia ghafla hakubeba santuri. Kwa hiyo mengi ya yaliyomo masandukuni yalikusanywa baadaye: kaseti zilizonunuliwa katika safari za kuwatembelea jamaa, nyimbo zilizonaswa kutoka redioni, na sherehe za harusi zilizofanyika Muscat kwenyewe.

Kaseti, ambayo kampuni ya Philips iliizindua mwaka 1963, haikuundwa ili iishi umri wa mwanadamu. Joto la Muscat hupita nyuzi 40 wakati wa kiangazi, na unyevu wa bahari hupenya hata makabatini. Utepe hunata, huvimba, na sauti ya juu ya fidla hufifia kwanza. Kisha kuna maji. Kimbunga Gonu kilipoipiga Oman mwezi Juni 2007 kiliwaua watu wapatao hamsini, na mafuriko yaliingia majumbani katika mji mkuu. Sanduku lililokaa sakafuni siku ile halina tena la kusimulia.

Dawa inayozungumzwa leo ni seva ya muziki ya nyumbani. Jina ni kubwa kuliko kitu chenyewe. Ni kompyuta moja, hata iliyochakaa kidogo, ambayo kazi yake ni kuhifadhi nyimbo zote za nyumba na kuzipeleka kwenye spika za sebuleni, za jikoni au za chumba cha bibi, huku simu ya mkononi ikitumika kuchagua wimbo. Si lazima iwe kompyuta ya bei. Kidude cha Raspberry Pi, kilichoanza kuuzwa mwaka 2012, hukaa kiganjani, hutumia umeme kidogo na hakipigi kelele. Huunganishwa na diski ya kuhifadhia, na pia na kifaa kidogo kinachogeuza tarakimu za kompyuta kuwa mawimbi ya sauti kabla hayajafika kwenye amplifaya.

Lakini kuiweka seva ni kazi ya jioni moja. Kazi yenyewe ni kuzihamisha kaseti, na hapo hakuna njia ya mkato: kaseti ya dakika 60 huhamishwa kwa dakika 60. Mwenye kaseti mia moja ajiandae kwa saa mia moja za kusikiliza. Vidude vya bei nafuu vinavyochomekwa moja kwa moja kwenye kompyuta vipo, ila kasi yao huyumba, na udi unaoyumba ni maudhi matupu. Afadhali kutafuta redio kaseti nzuri ya zamani, kusafisha kichwa chake kwa spiriti na pamba, kisha kuiunganisha kwa waya na kompyuta yenye programu ya kunasia sauti. Audacity, iliyotolewa mwaka 2000, hupatikana bure na inatosha kabisa.

Kiwango cha sauti kisipandishwe mno. Ngoma ikipiga na mshale ukagonga ukuta, sauti hukatika na haiponi tena.

Santuri za zamani zina masharti yake. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, nyimbo ziliingizwa katika santuri za mizunguko 78 kwa dakika, ambazo upande mmoja huchukua takriban dakika tatu. Mifereji yake ni mipana kuliko ile ya santuri za plastiki zilizofuata, hivyo huhitaji sindano yake maalumu. Sindano ya kawaida hutambaa chini ya mfereji, ikazoa vumbi na kuuacha wimbo.

Baada ya kunasa huja kishawishi cha kusafisha. Programu hufuta mkwaruzo na mvumo kwa kubofya mara moja, na hapo ndipo wengi huharibu. Mvumo wa utepe na mlio mwembamba wa nyuzi za ganuni hukaa jirani. Anayeufukuza mmoja humwondoa na mwenzake. Nakala ya kwanza iachwe kama ilivyo, na usafi ufanywe katika nakala nyingine. Wala yasikatwe maneno yaliyo baina ya nyimbo. Mara nyingi humo ndimo alimo marehemu bibi akiagiza chai iletwe, au mjomba akimtania bwana harusi. Hayo hayauzwi dukani popote.

Kuhusu nafasi, hesabu ni nyepesi. Sauti ya ubora wa sahani ya CD hupimwa mara 44,100 kila sekunde, na saa moja hula kama megabaiti 635. Mtindo wa FLAC, uliotolewa mwaka 2001, huipunguza karibu nusu bila kupoteza chochote, tofauti na MP3 inayotupa sehemu ya sauti. Saa mia moja za taarabu hivyo huenea katika gigabaiti 40 au chini, na diski za leo hubeba zaidi ya mara ishirini ya hapo. Hakuna sababu ya ubahili.

Programu ya kuiendesha seva ichaguliwe kwa kutazama yaliyowapata wengine. Kampuni ya Slim Devices ilibuni mashine za Squeezebox, Logitech ikainunua mwaka 2006, ikaacha kuzitengeneza mashine hizo mwaka 2012, na mwaka 2024 ikaufunga mtandao uliozihudumia. Hata hivyo, programu yake ya nyumbani ilikuwa wazi kwa kila mtu, na wapenzi wake wanaiendeleza hadi leo kwa jina la Lyrion Music Server. Nyumba zilizokuwa na nyimbo zao ndani hazikupoteza hata moja.

Sehemu ngumu kuliko zote ni majina. Kompyuta haijui kwamba Siti binti Saad, Siti bint Saad na Sitti binti Saadi ni mtu mmoja. Itamfungulia milango mitatu. Familia iamue tahajia moja, na kama wazee husoma Kiarabu, jina liandikwe kwa hati zote mbili. Programu nyingi huuliza mwimbaji na jina la albamu, kama vile muziki wote umezaliwa Ulaya au Marekani. Taarabu humtaka pia mtunzi wa shairi, chama kilichopiga, na hafla yenyewe. Yote hayo yana pa kuandikwa, iwapo mtu atajipa subira.

Kuna na suala la faragha. Huduma za kusikiliza kwa intaneti zinapatikana Oman, Spotify ikiwa imeingia mwaka 2018, lakini hazina kaseti ya harusi ya nyumbani, na huenda hiyo ni heri. Katika hafla za akina mama, walioimba hawakuimbia ulimwengu. Seva hufanya kazi bila kuguswa na intaneti, na familia inaweza kuamua kwamba sauti fulani hazitoki mlangoni. Uamuzi huo ufanywe na akina mama wenyewe, si na kijana anayejua kompyuta.

Diski nayo hufa, tena bila kuaga. Nakala ziwe tatu, na moja ikae mbali na maji na moto unaoweza kuifika nyumba: kwa ndugu aliye Nizwa, au kwa binamu wa Unguja au London.

Pa kuanzia si kaseti nzuri zenye majalada. Hizo pengine ziko kwa jirani pia. Zitangulie zile zisizo na jina, zilizoandikwa tarehe tu au zisizoandikwa kitu, maadamu yupo mzee anayezitambua sauti kwa kusikia. Akae karibu na spika, chai iwepo, na simu iwekwe mezani ikinasa anayoyasema: huyu ni fulani, hapa ni nyumbani kwa fulani, na aliyecheka ni fulani.