Ubunifu wa Papo kwa Papo na Umakini wa Mwezeshaji katika Kazi za Vikundi

Uwezeshaji wa papo kwa papo ni uongozaji wa kikundi ambao lengo lake limeandaliwa, ila njia ya kulifikia hufuata yanayojitokeza ukumbini. Mwezeshaji hubuni swali, zoezi au igizo pale pale, kutokana na kauli ya mshiriki au hata ukimya wa wote. Kazi hiyo haiwezekani asipokuwapo kwa mwili na akili: anayewaza slaidi inayofuata hasikii kinachosemwa sasa.

Misingi mingi ya mbinu hii imetoka kwenye sanaa za maonyesho. Huko Chicago, Viola Spolin, aliyefunzwa michezo ya vikundi na Neva Boyd, alibuni mazoezi ya uigizaji usio na andiko, akayachapisha kitabuni mwaka 1963. Kila zoezi humpa mchezaji jambo moja la kulizingatia, na mwalimu hutia neno la mwongozo bila kusimamisha mchezo. Ndivyo afanyavyo mwezeshaji mjadala unapopamba moto: kauli moja fupi hutosha, mahubiri huuzima.

Mfano wenye uzito zaidi ni wa Peru, mwaka 1973. Augusto Boal, mwanatamthilia wa Brazili aliyekuwa uhamishoni, alishiriki huko katika mpango wa kisomo. Waigizaji walionyesha tatizo, kisha wakajaribu suluhisho walilopewa na watazamaji. Kwa simulizi ya Boal mwenyewe, mwanamke mmoja miongoni mwa watazamaji alitaka mke aliyesalitiwa katika igizo aseme na mumewe waziwazi. Walijaribu tena na tena, naye hakuridhika. Boal akamwita jukwaani aonyeshe alichokusudia, naye akamshukia mwigizaji kwa ufagio. Tangu hapo mtazamaji akapata haki ya kuingia mchezoni na kuugeuza. Ustadi wa Boal ulikuwa kutambua kwamba manung'uniko ya mtu mmoja yalibeba ujuzi uliohitajiwa na kundi zima, akauacha utaratibu aliokuja nao.

Nchini Tanzania, wanasanaa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwamo Penina Mlama, walifanya kazi inayokaribiana na hiyo huko Malya, mkoani Mwanza, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wanakijiji walichambua matatizo yao, wakayaigiza kwa sanaa zao, kisha wakayajadili. Hawakuanzia patupu: fanani wa ngano naye hubadili masimulizi kwa kadiri hadhira inavyoitikia.

Mbinu hii ina mipaka. Kupokea kauli ya mshiriki si kukubaliana nayo, na inayomdhalilisha mwenzake hukatizwa mara moja. Aliyetendewa ukatili hafai kuigizishwa mkasa wake bila ridhaa yake, wala pasipo mtu wa kumhudumia baadaye. Zaidi ya hayo, ratiba iliyosheheni mada tangu asubuhi hadi jioni humfunga mikono hata mwezeshaji hodari. Waandaaji wa semina wapunguze mada, wampe muda wa kuwasikiliza watu walioitwa.